Kisanduku cha Sauti ya Baba

Edinburgh, Uskoti
Mwezi wa Novemba

Mdogo wangu mpenzi Kabula,

Kabla ya salamu, jambo moja. Kama ile kadi yangu yenye picha ya ngome imeshakufika, ile niliyoandika kwa herufi kubwa kwamba BABA AMESEMA UENDE, tafadhali usimwonyeshe mtu. Na kama umeshaionyesha, waambie dada yako amepigwa na baridi mpaka kichwani, wasubiri umalize kusoma barua hii. Nitaeleza yote. Vuta kigoda ukae.

Haya, sasa salamu. Shikamoo Mama. Shikamoo Baba. Hiyo ya Baba mwinamie umwambie karibu na sikio la kushoto, maana najua anasikia kila kitu, ni ulimi tu uliomkataa. Wewe hujambo? Mama miguu inamsumbua bado? Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi na nimenenepa kwa viazi. Nasikia mvua zimeanza vizuri huko Magu, na wanunuzi wa pamba siku hizi wanagombania wakulima barabarani, kila mmoja na mzani wake, ruksa kwa kila mtu. Hata huku soko huria limenifuata. Juzi niliingia dukani nikakuta minofu ya sangara imelala kwenye barafu, imeandikwa kuwa imetoka Ziwa Viktoria. Kabula, niliisalimia! Nilisema "Mwangaluka" kwa sauti, mbele ya watu, kama mtu aliyekutana na jirani stendi. Mwenye duka alinitazama sana. Huenda mchumba wako Mathias ndiye aliyeichuna kwa kisu chake pale kiwandani Mwanza. Mwambie shemeji kazi yake imefika salama.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini. Unasema ndugu wa Mathias wamevuka na kivuko cha Busisi mara nyingi mno kuja kuuliza siku ya harusi, na wanaanza kunong'ona. Unasema Baba Mdogo yuko tayari kusimama mlangoni siku ya kuagwa kwako na kutamka neno kwa niaba ya Baba, na kwamba wewe umekataa mbele ya kikao kizima. Nilisoma maneno yako mara mbili: "Dada, kwetu binti anatoka kwa neno la baba yake. Baba hajafa. Nitaondokaje kama mtoto aliyefiwa?" Nilikaa chini hapo hapo nikalia, halafu nikacheka, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukijificha nyuma ya ghala ukiambiwa usome somo kanisani.

Na najua kilicho nyuma ya neno lako, hata kama hukukiandika. Baba aliwapokea wageni wa Mathias, akala nao, akawatazama ng'ombe waliowaleta, lakini kabla hajatamka kama anakubali au la, kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na ulimi. Sasa kila mtu anasema alikuwa amekwisha kukubali. Nani alimsikia? Kuandika hakujifunza. Kichwa tangu augue kinatikisika chenyewe, anapotaka uji na anapofukuza nzi, na kila anayemuuliza swali anasoma humo jibu analolitaka mwenyewe. Kwa hiyo unachotaka si sherehe. Unataka kujua.

Sasa sikiliza habari za kazi yangu, maana hapo ndipo nilipopata wazimu.

Nilikuandikia kwamba masomo yangu ni ya kompyuta. Sikukuandikia kwamba chumba ninachofanyia kazi ni cha kufundisha kompyuta kuzungumza. Ndiyo, kuzungumza! Wenyewe wanaiita akili ya bandia, nami kila nikilisikia jina hilo naona meno ya bandia ndani ya bilauri. Mkuu wa chumba ni mama mmoja mwenye mvi anaitwa Ailsa. Siku ya kwanza alinikataza kumwita Mama. Nilimwambia siwezi kumwita mtu wa umri wake jina tupu kama ninamwita mbuzi, akacheka mpaka akavua miwani, na sasa ni Mama Ailsa mpaka kwa Wazungu wenzake.

Kazi yenyewe iko hivi. Unaipa mashine kanda ya mtu anayezungumza. Wewe unakaa na vipokea sauti masikioni, unaikatakata ile sauti vipande vidogo vidogo na kuandika kila kipande ni neno gani. Mashine inahesabu: mtu huyu akishasema hili, mara nyingi hufuata lile. Ikishashiba, unaiandikia mwanzo wa mazungumzo, na yenyewe inaendeleza kama ambavyo mtu yule angeendeleza, kwa sauti yake mwenyewe. Inakwaruza, inameza maneno, lakini ni yeye. Mara ya kwanza nilipoisikia ikizungumza kwa sauti ya mzee mmoja wa hapa, nywele zilinisimama. Nikawaza hapo hapo: Baba!

Basi ndiyo maana nilikuomba ile kanda. Unaikumbuka ilivyopatikana? Baba aliichukua redio kaseti kwenda nayo machungani asikilize taarifa ya habari, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja badala ya kimoja, na mchana mzima redio ikawa inamrekodi yeye juu ya kanda ya kwaya ya Mama ya kanisani. Namsikia Mama mpaka leo: "Redio yenu imemeza kwaya yangu! Mwambieni baba yenu aiimbe sasa, kwa kuwa yeye ndiye kwaya!" Alimnunia wiki nzima. Ungemwambia siku ile kwamba hiyo ndiyo sauti pekee ya Baba tutakayobaki nayo, angeifunga kwenye kanga ya harusi yake.

Kabula, unajua tulivyokuwa na Baba. Kwetu sisi alikuwa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "funga mlango". Nilipoondoka kuja huku aliniambia, "Usipoteze pasipoti," basi. Sasa nimekaa na kanda ile mwezi na zaidi, na mtu niliyemkuta humo simfahamu. Akiwa peke yake na ng'ombe Baba ni msemaji! Anampa pole yule ng'ombe mweupe tuliyemwita Sabuni kwa kwato iliyopasuka. Anamweleza mambo ya bei. Anamwambia, "Mama yangu, leo nani kakuudhi?" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba. Nilikuwa nikikata vipande huku machozi yananidondokea kwenye vibonye vya kompyuta, Mama Ailsa akaniletea chai bila kuniuliza kitu. Nilimwonea wivu ng'ombe, nakwambia ukweli. Halafu nikafurahi, kwa sababu angalau alikuwa nayo, ile sauti.

Siku mashine iliposhiba, nilikuwa peke yangu chumbani, mchana, wenzangu wamekwenda kula. Niliiandikia kwa Kisukuma kama vile ni wewe unayezungumza: "Baba, ni mimi Kabula. Wanataka niondoke. Niende?" Nikabonyeza. Halafu Baba, Baba yetu kabisa na ule mkwaruzo wake wa tumbaku, akasema: "Nenda, mama yangu. Nenda taratibu. Usiogope, maji yako mbele." Na mwishoni, sijui mashine iliokota wapi, ikachomoza kwaya ya Mama, haleluya moja fupi, ikakatika.

Niliruka, nikapiga vigelegele ndani ya jengo la watu. Mlinzi alikuja mbio akidhani kuna moto. Maji yako mbele! Na wewe unaolewa ng'ambo ya maji, kuvuka Busisi! Na haleluya juu yake! Ungekuwa wewe usingeamini? Nilishuka ngazi bila koti, nikanunua kadi ya kwanza niliyoiona, ile yenye ngome, nikakuandikia na kuitia posta kabla moyo haujatulia. Nilitembea siku kadhaa kama mtu aliyerudi ibadani. Nilipiga hesabu ya harusi yako. Nilichagua mpaka kitambaa, cha kijani.

Kisha nikamsikilizisha Mama Ailsa. Yeye lugha haijui, anasikiliza sauti tu kama mtu anayeonja mchuzi. Akasema, "Nzuri sana, Minza. Na hii kengele, ni ya kanisa?"

Nikamuuliza, "Kengele ipi?"

Akaniwekea tena. Kweli, chini ya sauti ya Baba, ngili, ngili, ngili. Ile ni kengele ya shingoni kwa Sabuni. Nikairudia kanda yenyewe, nikatafuta, na nikaikuta sentensi nzima karibu kama ilivyo. Sabuni alikuwa amegoma njiani kwa kwato yake ile, na Baba anambembeleza afike lamboni akanywe. Nenda, mama yangu. Nenda taratibu. Usiogope, maji yako mbele. Mimi nimekutumia ruhusa ya kuolewa iliyotolewa kwa ng'ombe.

Unaweza kucheka. Mimi nilicheka, lakini siku ya pili. Siku ile niliona aibu mpaka nikashindwa kula. Mama Ailsa hakunicheka. Alisema hata yeye, aliyeiunda mashine hiyo, huwa anajikuta anaiaga jioni kabla ya kuzima taa, na siku nyingine anasubiri imjibu.

Ndiyo hiyo kadi. Ichane, au mpe Mama awashie moto.

Sasa usidhani nimekata tamaa na mashine hizi. Wee! Nimezipenda zaidi. Nakwambia tutayaona mambo. Itafika siku mtu wa Magu ataiuliza mashine kwa Kisukuma safi, si kwa Kiingereza, ndama wangu anaharisha nifanyeje, na itamjibu papo hapo, na itamwita babu. Bibi asiyejua kusoma atasomewa barua ya mwanawe bila kumbembeleza mtoto wa jirani anayeruka mistari. Mtu wa Ukerewe atazungumza Kikerewe na Mzungu wa huku, kila mmoja kwa lugha yake, wakagombana na kupatana bila mkalimani. Nikiwaza hayo siwezi kukaa kitini, nazunguka chumba kizima. Watu wangu wa darasani wanasema mimi ndiye mwenye kelele kuliko kompyuta zote.

Lakini nawaza na hili. Mashine haichoki, hainuni, haina siku mbaya. Wapo watakaoipenda kuliko jirani. Wapo watakaoiuliza nioe nisioe, na itawajibu vizuri sana, kwa sauti wanayoipenda, na maneno yenyewe yalisemwa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa sababu nyingine kabisa. Mimi niliikata ile sauti kwa mkono wangu. Nilijua kila kipande kilikotoka. Na bado niliposikia nilichokuwa nataka kusikia, niliamini, nikakimbilia posta. Je, yule ambaye hajui inavyotengenezwa? Hilo linanitisha, nami siku hizi nalisema darasani mpaka wananichoka.

Mwalimu wangu mmoja alitoa wazo kwamba tumtengenezee Baba hotuba kamili. Alisema inawezekana kabisa, hata jina lako ambalo halimo kwenye kanda tunaweza kuliunga kutoka kwenye vipande, na wageni wasitambue. Kabula, nilikaribia kukubali. Fikiria Baba anasema mlangoni "Kabula mwanangu, nenda na baraka zangu," mbele ya Baba Mdogo na watu wote wa Busisi! Lakini nilikikumbuka kikao chako. Kama ni kusema badala ya Baba, Baba Mdogo yupo na anayo sauti nzuri kuliko kompyuta, na hahitaji umeme. Tofauti ni kwamba Baba Mdogo kila mtu angejua ni Baba Mdogo.

Kwa hiyo nimefanya hivi, na hapa ndipo furaha yangu inapotaka kunipasua. Chumba chetu hutengeneza visanduku kwa ajili ya wagonjwa walionyamazishwa kama Baba. Kisanduku chenyewe ni kidogo, ukubwa wa redio ya mkulima, kinatumia betri za tochi. Juu kina vibonye. Kila kibonye kina neno moja, ukibonyeza, linatoka. Mama Ailsa amenipa kimoja, na maneno yote niliyoyaweka humo nimeyatoa kwenye kanda ya Baba mwenyewe, kwa kinywa chake, bila kuunga kitu. "Njoo." "Nenda." "Ngoja." "Taratibu." "Mama yangu." "Pole." "Nimeshiba." Kisanduku hiki hakikisii. Hakijui kinachofuata. Kinakaa kimya mpaka Baba aguse.

Juu ya kila kibonye nimechora picha, maana kusoma nako, kama kuandika, hakujifunza. Kwenye "nimeshiba" nimechora bakuli limepinduliwa. Kwenye "mama yangu" nimechora Sabuni, na najua atanigombeza akimwona, pembe zimetoka kama masikio ya sungura. Mfundishe polepole, kwa mambo ya uji na kigoda kwanza, siku nyingi, mpaka mkono wake wa kushoto ujue njia na mjue wote kwamba anachobonyeza ndicho anachotaka. Asipotaka usimlazimishe. Unajua asivyopenda kufundishwa.

Akishakizoea, ndipo umuulize lako. Jina lako halimo humo, lakini wewe utakuwa mbele yake, atakutazama tu.

Kisanduku anakileta Dada Jenerosa, muuguzi wa Kihaya aliyemaliza kozi hapa na anarudi nyumbani. Atakiacha dukani kwa Shangazi pale Mabatini, Mwanza, chini ya robota za mitumba, kimefungwa kwenye sweta yangu ya kijivu. Sweta ni ya Mama. Mwambie Shangazi asikijaribu kwa kukibonyeza-bonyeza mbele ya wateja, watakimbia wakisema ana mzimu dukani.

Msalimie sana Shangazi. Msalimie Baba Mdogo, umwambie sijamdharau, na kwamba siku ya harusi nafasi yake ya kugawa nyama haina mshindani. Msalimie Mama Shija, mwimbishaji wa kwaya ya Mama, umwambie haleluya yake imefika Ulaya hata kama imekatika katikati. Msalimie shemeji Mathias kwa heshima, avumilie kidogo. Mwanamume anayeogopa kungoja neno la mkwe wake atatungojaje sisi mashemeji? Mama mkumbatie mpaka alalamike. Mimi natarajia kurudi masomo yakiisha, na nikichelewa msinioze kwa barua.

Kuna kibonye kimoja sijakutajia. Kiko pembeni, nimekipaka rangi nyekundu. Ni "Hapana". Ndilo neno lililotoka safi kuliko yote kwenye kanda ile, halina kengele chini yake, halina upepo, Baba mtupu. Nilikitoa, nikakirudisha, nikakitoa tena. Niliwafikiria wewe na Mathias, na ndugu wa watu wanaovuka na kivuko, na kitambaa cha kijani. Mama Ailsa alikuwa amesimama nyuma yangu. Mwisho nimekirudisha, nimekikaza kwa skrubu. Bila hicho, "nenda" yake isingekuwa na maana yoyote, ningekuwa nimeitamka mimi.

Kwa hiyo siku utakapomuuliza, mdogo wangu, weka kisanduku mapajani pake, kaa chini mbele yake, na uwaambie watu wote warudi nyuma hatua chache. Mkono utatetemeka, utazunguka juu ya vibonye, utachukua muda mrefu kuliko mtakavyoweza kuvumilia. Mtu yeyote asimshike mkono.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Minza